Alama za Vidole Kwenye Povu

Wajukuu zangu wa karakana,

Mjukuu wangu Silantoi, mwenzenu hapo, amenitajia majina yenu mmoja mmoja tukinywa chai, na nimeyashika yote. Kuna Brian wa mashine ya kumimina, kuna Faith wa kukata, kuna Lemayian ambaye nasikia hupima kitu, akapima tena, na bado anakikata kifupi. Usikasirike, Lemayian. Mimi nilisoma hadi darasa la tatu tu kule Mashuuru, na kusoma sawasawa nilijifunzia kanisani, kwa hivyo mkiona herufi imekaa vibaya mpite tu. Lakini jina la mtu sisahau.

Mmemwuliza kwa nini nyanya yake ameweka paneli kuukuu mlangoni, mahali watu wengine huweka maua. Ni kweli, iko pale. Kuku wanapanda juu yake. Pasta alipokuja kuniombea aligonga goti. Jirani ameniomba aifanye paa la choo, nikakataa, sasa ananisalimia kwa midomo tu. Nimeisimamisha kwa ukingo wake mrefu, na ule upande mfupi, ulio wazi, unatazama barabara inayotoka Namanga. Sitaigeuza. Nitawaambia ni kwa nini, lakini lazima nianzie kwa povu, kwa sababu yote yalianzia hapo.

Nyinyi mmekuta mambo yamelainika. Mnalaza bati chini na bati juu, mnamimina dawa katikati, inafura yenyewe kama mandazi na kushika pande zote mbili. Sisi povu tulilipika. Lilikuja kwa magunia, punje ndogo kama sukari. Tunazipiga mvuke zinafura, tunaziacha zipumue, halafu tunazijaza kwenye kalibu na kuzipiga mvuke tena mpaka zishikane ziwe bonge moja jeupe, refu kuliko mimi, na bado mtoto angeweza kulibeba. Likishakauka, tunalipasua kwa waya wa moto liwe mbao mbao, tunapaka gundi, bati huku na bati huku, tunakandamiza. Hiyo ndiyo paneli. Bati peke yake linajikunja, povu peke yake linavunjika. Ukivishikanisha, unaweza kulala juu yake. Vyumba vya baridi vya maua kule Isinya, vya maziwa, vya nyama, vingi vilijengwa hivyo, na vingi vilipita mikononi mwetu.

Aliyenifundisha ni Mama Njoki. Jina lake la ubatizo ni Tabitha Wanjiru, mtu wa Nyeri aliyeletwa Kitengela na ndoa, na ndoa ilipomwacha yeye akabaki na Kitengela. Alikuwa mfupi, sauti kubwa, kitambaa kichwani kila siku, kwa sababu zile punje zikiingia kwenye nywele utazitoa mpaka Krismasi. Siku yangu ya kwanza alitazama shanga zangu za shingoni.

"Hizo utatoa," akasema. "Mashine haijui mrembo."

Kazi yake ilikuwa kuonja povu. Ndivyo tulivyosema, kuonja, ingawa hakuna aliyelitia mdomoni isipokuwa mwenzetu Mutuku, na huyo alikuwa amewekeana dau na wenzake. Bonge likishapasuliwa, Mama Njoki alikata kipande cha pembeni, kirefu kama mkono kutoka kiganja mpaka kiwiko. Anakikwaruza kwa wembe mara moja, upande mmoja. Halafu anakikunja mkwaruzo ukitazama nje, mpaka kivunjike, na anaangalia pale kilipovunjikia.

"Njoo uone," aliniambia. "Hizi punje zimetoka nzima nzima, kama mahindi ukipukuchua. Zilikuwa zimekaa karibu tu, hazikushikana. Mvuke haukuingia. Hili linarudi. Sasa ona hili lingine."

Kwenye lile lingine punje zenyewe zilikuwa zimeraruka, nusu huku, nusu kule. Ufa ulitafuta njia rahisi kati ya punje, ukaikosa, ukalazimika kupasua kila moja. Hilo ndilo povu zuri. Hata nyinyi wa kumimina, vunjeni mkaangalie. Mahali kitu kilipovunjikia ndipo kinaposema ukweli wake.

Nikamwuliza, "Mbona unakikwaruza kwanza? Si ungevunja tu?"

"Kisichokwaruzwa kitakudanganya," akasema. "Kitajikunja, kitajikunja, utasema ni kizuri. Lakini huko linakoenda, Nasieku, kutakuwa na msumari. Kutakuwa na mtu wa toroli. Kutakuwa na yule kijana wa stima anayetoboa kwa kisu cha mkate. Mimi nataka kujua likishaumia litafanya nini."

Sasa chekeni. Niliporuhusiwa kuonja peke yangu, nilitaka mbao zilizopita zijulikane ni mimi nimezipitisha. Penseli haikuonekana. Kalamu ya wino ililila povu likabaki na vidonda. Basi nikafanya tunavyofanya nyumbani. Kwetu ng'ombe hukatwa sikio, kila ukoo na mkato wake, hata wakichanganyika mtoni unajua huyu ni wa nani. Nikachukua wembe, na kila ubao mzuri nikaukata ukingoni, kijimkato chenye ncha, alama ya ng'ombe wa baba yangu. Nilifanya rundo zima. Nilirudi nyuma nikatazama nikaona hiyo ni boma ya ng'ombe wetu.

Vijana wa gundi walipokuja kuzichukua, ubao wa kwanza ulisema "ta" ukawa mbao mbili. Wa pili, ta. Wote palepale, kwenye mkato. Akaja Mutiso, aliyekuwa supavaiza wetu, mtu mpole asiyependa kelele.

"Nani ameng'ata hizi?"

"Ni alama," nikasema.

"Alama ya nini?"

"Ya kwamba ni nzuri."

Akashika nusu moja kwa mkono huu na nusu nyingine kwa mkono huu. "Zilikuwa nzuri," akasema, akaenda zake.

Mama Njoki alicheka mpaka akakaa chini kwenye punje. Alipopata pumzi akanishika mkono. "Hapa hatukati masikio, msichana wa ng'ombe. Hiyo ncha uliyotengeneza ndiyo mlango. Ukiukunja ubao, uzito wote unakimbilia hapo. Ukitaka alama, bonyeza." Akaweka kidole gumba kwenye mwisho wa ubao, akasukuma. Kikabaki kishimo cha mviringo, laini, bila ncha yoyote. Akaukunja ule ubao mbele yangu. Ulipovunjika, haukuvunjikia kwenye kidole.

Tangu siku hiyo kiwanda chote kiliweka alama hivyo. Wewe ukionja ubao na ukapita, unabonyeza. Baadaye mimi na Mama Njoki tulionja pamoja, mmoja akivunja mwingine akiangalia, na vidole vikakaa viwili, sako kwa bako. Cha Mama Njoki kilikuwa kipana kama kijiko. Changu kimepinda tangu utotoni, kamba ya ndama ilikivuta. Ukiwa unatujua, ungejua ni sisi.

Na nyinyi mnaokata mahali pa swichi, msiache pembe kali. Zungusheni kona. Ufa ukishaanza, toboeni tundu dogo la mviringo mbele yake, utafika pale usimame kama ng'ombe aliyeona daraja. Faith, hiyo ni yako.

Kulikuwa na injinia aliyekuja kutoka Nairobi na mashine ya kuvuta, anaitwa Odera, kijana mwenye adabu aliyekunywa chai yetu kwa kikombe chetu. Alikwaruza vipande kama sisi, ila yeye kwa kipimo, na mashine ikivuta inaandika. Tukamwuliza inaandika nini.

"Mama, kuna nguvu, na kuna kustahimili ufa," akasema. "Ni vitu viwili. Biskuti ni ngumu kuliko chapati, sivyo? Lakini biskuti ikianza kupasuka imeisha. Chapati unairarua na bado inakubishia."

"Basi mimi ni chapati," Mama Njoki akasema.

"Na yule aliyekuoa?" akauliza Rukia, aliyekuwa upande wa waya.

"Huyo ni biskuti. Tena ya kulowa."

Odera alicheka mpaka akasahau kuzima mashine. Ndiye aliyetufundisha tusilolijua, kwamba kwenye paneli ufa mbaya zaidi hauonekani. Unatambaa ndani ya povu, chini kidogo ya gundi, sambamba na bati, na nje paneli inang'aa kama bibi harusi. Akatuonyesha kuigonga kwa kifundo cha kidole. Mahali pazima panajibu kwa sauti fupi, mahali palipoachana panalia kama debe. Tangu hapo tulibisha hodi kwenye kila paneli. Na ukiambua bati, angalia. Likitoka na povu limelishika, gundi ilifanya kazi. Likitoka uchi, mlipaka asubuhi ya baridi mkiwa na haraka.

Lakini nilitaka kuwaambia juu ya kubeba.

Nyinyi mna ile mashine inayonyonya bati na kuinua paneli hewani. Ni nzuri, migongo yenu itawashukuru. Sisi tulibeba wawili. Paneli ndefu haibebwi imelala. Ukiilaza, tumbo lake linayumba, povu linapasuka ndani na bati linaficha aibu. Inabebwa imesimama kwa ukingo. Mmoja anashika mbele upande huu, mwingine nyuma upande ule, bati liko katikati yenu. Hamwonani. Na mmoja akiondoka kabla ya mwenzake, inajipinda.

Wengine walihesabu, moja, mbili, tatu. Lakini kiwanda kilikuwa na kelele, na watu wengi walihesabu kwa pamoja, ukajikuta umeondoka kwa tatu ya mtu mwingine. Mama Njoki alikuwa amesikia akina mama wa kwetu wakisalimiana getini. Kwetu mkubwa humsalimia mwanamke, "Takwenya," na yule mdogo hujibu, "Iko." Alilipenda neno hilo, sijui kwa nini. Basi akawa anashika mbele, mimi nyuma, na kutoka upande ule wa bati anaita, "Takwenya." Nikiwa tayari, najibu, "Iko," na tunaondoka. Nisipokuwa tayari nanyamaza, naye anangoja. Hakuwahi kunivuta kabla sijajibu, hata siku lori lilipopiga honi nje na Mutiso akisimama akitutazama. Alilitamka kwa ulimi wa Nyeri mpaka mwisho. Nilijaribu kumrekebisha, akaniambia nimrekebishe mume wangu kwanza.

Miaka yangu yote ya kazi ilikuwa hiyo. Shavu karibu na bati baridi, sikio likingoja sauti ya mtu nisiyemwona.

Kiwanda kilifungwa wakati mashine mpya zilipofika kwa wengine na kazi ikawafuata. Kazi yetu ya mwisho ilikuwa chumba cha baridi cha shamba moja la maua Isinya. Ile paneli ya mwisho kabisa tulionja povu lake pamoja, tukabonyeza vidole, na kabla ya mkanda wa bati kufunika mwisho wake Mama Njoki aliinama akatazama. "Hapo hakuna mtu atatuona tena," akasema. Tukaibeba mpaka kwenye lori.

Yeye alienda Namanga kuuza vitenge. Tuliongea kwa simu kila Jumapili baada ya kanisa, tukitajiana majina, fulani amezaa, fulani ameanguka. Halafu Jumapili moja simu ikasema mteja hapatikani, na ndivyo inavyosema mpaka leo. Niliwapa ujumbe madereva wa malori. Mwisho nikaenda mwenyewe na Silantoi. Kwenye kibanda chake tulimkuta mwanamke mwingine, Mama Baraka, akatuambia Mama Njoki alivuka mpaka na binti yake Njoki aliyeolewa Tanzania. Mji gani, hakujua. Kama alikuwa mgonjwa, hakujua. Nilisimama pale nikitazama watu wakivuka, wengi wao wafupi, wengi wana vitambaa kichwani. Nilitaka kuita. Nikaona haya.

Sasa, juzi Silantoi akaingia hajavua hata begi. "Koko, kile chumba cha maua cha Isinya kinabomolewa. Shamba limekatwa ploti."

Nilivaa viatu.

Tulipofika, upande mmoja ulikuwa umeshaanguka. Vijana walikuwa wakilaza paneli juu ya jiwe na kuzirukia ili zivunjike ziingie kwenye lori la takataka. Nilitazama palipovunjika, siwezi kujizuia. Punje zilikuwa zimeraruka, nusu huku, nusu kule. Nilifurahi na roho ikaniuma kwa pamoja. Mkubwa wao aliitwa Kelvin, ana mtaimbo mkononi.

"Shosho, rudi nyuma, hapa kuna misumari."

"Natafuta paneli."

"Zote ni paneli."

"Natafuta yangu."

"Iko na namba?"

"Iko na kidole."

Alimtazama Silantoi, nikaona anauliza kwa macho kama nimetoroka mahali. Silantoi akamwambia, "Wewe toa tu ule mkanda wa bati ulio mwishoni mwa paneli. Utaona."

Akatoa mmoja, kwa kunionea huruma. Kulikuwa na kishimo, kina mstari mwembamba juu yake. "Huyo ni Rukia," nikamwambia. "Alikuwa na kucha, alikatazwa hakusikia." Akatoa wa pili. "Huyo ni Mutuku, aliyekula povu." Wakaanza kuacha mitaimbo. Kila mmoja akija na mwisho wake, "Na huyu, shosho?" Na mimi nawaambia. Esther Naipanoi, aliyeimba. Kioko, aliyekuwa anaenda kuoa kila mwaka. Wote walikuwa pale, chini ya mkanda, hawajazeeka.

Wa kwangu hakuwepo. Tulipitia zilizosimama, nikapitia lile rundo lililovunjwa, nikigeuza vipande kwa mguu. Dereva wa lori akawasha injini.

"Shosho, imebaki ile ya nyuma ya mlango tu," Kelvin akasema. "Kama si hiyo, nisamehe, tumeshairukia."

Aliutoa mkanda wake polepole, akapuliza vumbi. Vilikuwepo viwili. Kimoja kipana kama kijiko. Kimoja kimepinda.

Niliigonga kwa kifundo kutoka mwisho hadi mwisho. Ilijibu kwa sauti fupi, kote. Nikaweka kidole gumba kwenye shimo langu, hakikuingia. Viungo vimefura, kidole si kile. Nikakiweka kwenye lake. Kikakaa.

"Sasa tuikate nusu ndio iingie kwa pikapu?" Kelvin akauliza, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Hapana. Inaenda nzima."

Pikapu ya mpwa wangu Saruni ilikuwa nje ya geti, lori limeziba njia. Vijana wakaishika wakailaza. Nikawaambia waisimamishe na waniachie mimi na mjukuu wangu.

"Utaumia, shosho."

"Ni povu," nikasema. "Uzito wake ni wa bati tu."

Nikaenda nyuma, upande wangu wa zamani. Silantoi akashika mbele, upande ule mwingine. Niliweka shavu karibu na bati. Lilikuwa baridi vilevile. Nikangoja.

Hakuna aliyeita. Vijana walivua kofia, wakidhani naomba. Nilingoja sana, mpaka nikaelewa kinachonichelewesha. Mkubwa ndiye husalimia. Pale hapakuwa na mwingine mkubwa, ila mimi.

"Takwenya," nikasema.

Kutoka upande ule wa bati, mahali nisipoona, sauti ya mwanamke ikajibu.

"Iko."

Paneli ikainuka. Sikuchungulia kuona ni nani. Nilitembea.